Mzee wa Kanisa na Mji Usiochomoza Jua

Siku ya Ijumaa, jua likianza kuinama upande wa Migori, watu wa mtaa wetu wa Kehancha waliokuwa na haja ya misumari walikuwa wanakimbia. Duka la vyuma la Mzee wa Kanisa halikufungwa kwa saa, lilifungwa kwa jua. Nilikuwepo siku aliyomwambia fundi mmoja, misumari ikiwa bado kwenye mizani, "Chukua hizo zimeshapimwa. Zingine kuja Jumapili." Yule fundi alikuwa ameezeka nusu ya nyumba yake mwenyewe. Alibembeleza, akapiga kelele, na mwishoni akatukana. Mzee akateremsha mlango wa bati, akatia kufuli, akaenda zake kuoga. Jumamosi mvua ilinyesha mchana kutwa, na watoto wa fundi wakahamishiwa jikoni kwetu. Jumapili alfajiri Mzee alikuwa juu ya paa lile, nyundo mkononi, kofia kisogoni, akipigilia misumari bila kumdai mtu chochote. Fundi alisimama chini akimwangalia, hajui amshukuru au aendelee kumtukana.

Mimi pia sikujua. Nimemfahamu Mzee huyu tangu nikiwa darasa la pili hadi leo ninapofanya kazi ya kupanga safari za watu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa kama yule fundi.

Alikuwa Mjaluo wa kisiwa cha Rusinga aliyekuja kufanya biashara kwetu Ukuriani akabaki. Kikuria alikisema kwa lafudhi ya ziwani mpaka tunacheka, naye alicheka pamoja nasi. Sisi tulikuwa Wakatoliki, yeye Msabato, tena si Msabato wa kukaa benchi la nyuma. Alikuwa mzee wa kanisa, ndiye aliyesoma majina, ndiye aliyejua nani amekosa na nani amerudi. Chai hakunywa. Alikunywa maji moto yenye ndimu katika kikombe chake mwenyewe cha bati, na alikibeba hata matangani.

Tumbaku kwake ilikuwa dhambi waziwazi. Hakuiuza, hakuigusa, na mkulima akiingia dukani na harufu yake, alifungua dirisha. Lakini msimu wa mavuno ulipofika, pikapu yake ndiyo iliyobeba marobota ya tumbaku ya majirani kuyapeleka mnadani. Baba yangu alimuuliza siku moja, "Sasa Mzee, hii si ni tumbaku umebeba?"

"Gari haina kinywa," akajibu. "Gari haivuti."

Baba alicheka wiki nzima. Mimi nilibaki nikijiuliza kama ule ulikuwa mzaha.

Na kuna ile Jumamosi mama yangu aliposhikwa na uchungu wa mdogo wangu. Boda boda zilikataa, njia ilikuwa matope matupu. Mzee alikuwa ametoka ibadani, amekaa uani na Biblia. Baba hakuthubutu kumwomba, maana Mzee siku ya Sabato hapandi chombo, hutembea hata kwenye mvua. Ni yeye mwenyewe aliyesikia kelele, akatoka na ufunguo. Aliendesha hadi hospitali, akasubiri mpaka mtoto akalia, akarudi. Baba alipomshukuru alisema tu, "Ng'ombe akianguka kisimani siku ya Sabato, unamtoa."

Kwa sababu ya siku hiyo, lile alilomfanyia Awino lilinichanganya zaidi ya yote.

Awino alikuwa binti yake wa pekee na rafiki yangu. Tulisoma pamoja, tukachota maji pamoja, na mimi ndiye niliyemsindikiza siku alipoanza chuo cha uuguzi. Alipopata kazi katika hospitali moja Migori, ratiba ilimpangia Jumamosi mbili kila mwezi. Aliomba abadilishiwe, haikuwezekana. Akaenda kazini. Kanisa likamwita, akaeleza, wakampa muda. Muda ulipokwisha, jina lake likasomwa mbele ya watu kwamba ameondolewa katika kitabu cha washiriki. Aliyelisoma ni baba yake. Walioshuhudia walisema sauti yake haikutetemeka hata kidogo, akaikunja ile karatasi, akatangaza wimbo.

Mwezi uliofuata nilimfuata dukani. Nilikuwa msichana mwenye mdomo. Nikamwambia, "Mzee, Awino si anawatoa ng'ombe kisimani tu?"

"Boke," akasema, "ng'ombe huanguka mara moja. Hawezi kuanguka kila Jumamosi kwa mshahara."

Awino alikwenda Finland kufanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, kaskazini ya mbali. Alirudi mara moja tu, kumzika mama yake. Baba yake alimpa mkono kama anavyompa mgeni aliyetoka kaunti nyingine, akamwonyesha kiti. Baada ya hapo hawakuzungumza miaka.

*

Ofisi yetu iko Migori, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo. Tuko wawili, mimi na bosi. Wateja wetu ni wanafunzi wanaokwenda India, wagonjwa wanaokwenda India hiyohiyo, wasichana wanaotafuta kazi Arabuni na wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou. Likizo hatupangi mara nyingi. Kwa hiyo nilipopata imeili ya Awino akisema anataka nimpangie baba yake likizo ya wiki tatu huko kaskazini, Desemba, niliisoma mara mbili kisha nikamwita bosi aisome.

Safari yenyewe ilikuwa na vituo kama vya Njia ya Msalaba. Basi hadi Kisumu, ndege hadi Nairobi, ndege hadi Doha, ndege hadi mji mkuu wa Finland. Siku mbili hapo. Kisha treni ya kulala, inayoondoka Ijumaa jioni. Kisha basi. Kisha siku tatu katika nyumba ya magogo kando ya ziwa lililoganda, kuvua samaki kwa kutoboa barafu. Ndipo nyumbani kwake.

Nilimpigia. "Awino, kwa nini Desemba? Si aje Julai, kuna joto?"

"Julai kila mtu anapenda huku," akasema. "Nataka aone ninavyoishi."

"Na umemuuliza kama atakuja?"

"Wewe ndiye wakala. Muulize."

Nilidhani nitafukuzwa. Badala yake, siku tatu baada ya kumpelekea karatasi Kehancha, Mzee alipanda ngazi zetu amevaa suti ya kanisani, kikombe chake mkononi. Bosi akamkaribisha chai. Akaomba maji moto.

"Huyu mtoto wenu ananiita kwa baridi," akasema, akaweka karatasi mezani. "Nyathina," akaniita, mtoto wangu kwa Kijaluo, "nielezee hii kitu polepole."

Nathubutu kusema nilimweleza vizuri. Alisikiliza kila kituo, akiweka kidole juu ya kila mstari. Kwenye samaki alisimama. "Wanatoboa maji?"

"Yameganda, Mzee. Ni kama sakafu."

"Na samaki wako chini ya sakafu." Alitikisa kichwa. Mtu wa Rusinga, aliyekula ngege, samaki wa ziwa letu, tangu akiwa ananyonya, alionekana kama nimemwambia watu huko hulima angani. Kisha kidole kikafika kwenye treni. "Hii inaondoka Ijumaa. Jua linazama saa ngapi?"

Nilitafuta kwenye kompyuta. "Saa tisa na robo."

"Usiku?"

"Alasiri, Mzee."

Alicheka, akidhani ninamtania. Alipoona sicheki, akainuka akaja kuangalia kioo mwenyewe. Treni ikafutwa siku hiyo.

Tulibadilisha ile safari mara tano. Hakutaka kuwa hewani wala njiani kuanzia jua la Ijumaa hadi jua la Jumamosi, na kila tulipopata njia, swali jipya lilizaliwa. "Nikiwa ndani ya ndege," aliniuliza, "ni jua la wapi nahesabu? La nilikotoka, la ninakoenda, ama hilo naliona kwa dirisha?" Bosi alitoka nje kuvuta hewa. Mimi nilimwandikia Awino, Awino akajibu, nami nikapeleka jibu. Hapo ndipo nilipoanza kuona kuwa baba na binti wanazungumza, ila wanapitia kwangu. Mzee alisema, "Muulize kama huko kuna ndimu." Awino akaandika, "Mwambie zipo. Muulize kama magoti bado yanamuuma." Mzee akasema, "Mwambie haya si mambo ya tiketi." Kisha, akiwa ameshafika mlangoni, "Mwambie ni goti la kushoto tu."

Fomu ya viza ndiyo iliyotukwamisha zaidi. Mahali pa kueleza sababu ya safari, niliandika likizo. Alivua miwani. "Likizo ni kupumzika. Kwani mimi naenda kupumzika?"

"Mzee, ni neno tu. Wote huandika hivyo."

"Siweki sahihi kwa uongo."

"Basi unaenda kufanya nini? Niambie niandike."

Chini, mtu alikuwa akiulizia dawa ya kupe kwa sauti kubwa, na tulimsikia hadi akalipa akaondoka. "Sijui," Mzee akasema mwishowe. "Kuna mahali pa kuandika sijui?"

Hapakuwepo. Alikwenda, akarudi wiki iliyofuata, na kabla hajaketi akasema, "Andika naenda kuona mtoto wangu." Nikaandika. Akaweka sahihi.

Viza ikatoka. Tukaenda naye soko la mitumba hapa Migori, kwenye yale makoti mazito yasiyonunuliwa na mtu, akachagua moja refu la kijivu lililomfanya aonekane kama mlinzi wa benki. Kila kitu kilikuwa tayari. Hapo ndipo nilipogundua lile jambo, nilipokuwa nikitafuta tu hali ya hewa ya mji wa Awino. Desemba, katika mji ule, jua halichomozi kabisa. Si kwamba linawahi kuzama. Halitoki. Kwa wiki kadhaa.

Nilikaa na habari hiyo siku mbili. Bosi alinishauri ninyamaze, tiketi zilikuwa zimeshakatwa. Lakini nilimfikiria mtu aliyekataa neno likizo, nikampigia. Alikuja kesho yake. Nilimwonyesha.

Sijawahi kumwona hivyo. Alikaa kwenye kiti cha wateja, koti limekunjwa magotini, akionekana mzee ghafla. "Kama halitoki," akasema, "halizami."

"Ndiyo, Mzee."

"Sasa Sabato inaingia saa ngapi?"

Alikwenda kuwauliza waliosoma. Mmoja alimwambia afuate saa kumi na mbili jioni. Wa pili akamwambia afuate mji wa karibu wenye jua. Wa tatu akamwambia adhuhuri huko kuna mwangaza kidogo, mwangaza ukififia ndio machweo. Majibu matatu, kwa mtu ambaye maisha yake yote alikuwa na jibu moja. Akaniambia nimuulize Awino. Nikamwandikia, "Babako anauliza Sabato inaingia saa ngapi huko." Kwa kawaida alijibu saa hiyohiyo. Safari hii alikaa siku mbili.

"Mwambie akuje ataona."

Nilidhani Mzee ataifuta safari. Jumanne iliyopangwa nilimkuta kwenye stendi ya basi saa moja kabla ya wakati.

*

Mpango wetu ulikuwa afike mji mkuu Alhamisi, alale, na Ijumaa asubuhi apande ndege ya kaskazini. Angefika saa nne, siku ikiwa bado ni Ijumaa kwa hesabu yoyote ile. Nilikuwa najivunia mpango huo. Ijumaa jioni nilikuwa nafunga ofisi simu ilipoita.

"Boke. Theluji imejaa uwanjani. Ndege ya asubuhi haikuenda. Wanasema ni saa moja jioni, na jua hapa limeshazama."

Nilisikia nyuma yake matangazo kwa lugha nisiyoijua. Nikamuuliza kama anaweza kusubiri mpaka Jumapili. Aliniambia amewauliza, hakuna nafasi kabla ya Jumanne.

"Nifanye nini, nyathina?"

"Mzee, mimi ni Mkatoliki."

"Najua. Lakini wewe ndiye ulinikatia tiketi."

"Si umpigie Awino?"

"Awino siwezi kumuuliza hii."

Nilisimama pale na ufunguo mkononi. Nilitaka kumwambia apande. Nilitaka pia kumwambia asipande, kwa sababu nilimwogopea yule mtu atakayeshuka upande wa pili. Nilichosema ni kile tu nilichokuwa na uhakika nacho. "Mzee, Awino ameniandikia kwamba ameshafika kwa uwanja wa huko. Amesimama anakungoja. Hajui ndege imechelewa kiasi gani."

Simu ikakatika. Sikumpata tena. Siku nyingi baadaye Awino aliniandikia neno moja, "Amefika." Hakusema alifika siku gani, nami sikuthubutu kuuliza.

*

Aliporudi hakupita ofisini. Nilisikia amefunga duka la Kehancha na kurudi kwao Rusinga. Ilikuwa zaidi ya nusu mwaka baadaye, nilipotumwa Homa Bay kupeleka pasipoti za wateja, ndipo nikaamua kuendelea hadi Mbita na kuvuka daraja. Nilimkuta akirekebisha zizi la mbuzi, mkono wa shati umekunjwa. Alinikumbatia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mzee wa Kanisa, habari ya siku nyingi."

"Usiniite hivyo tena," akasema, bila hasira. "Mimi sasa ni mshiriki tu."

Alinipa kigoda akakaa juu ya gogo. Sikumuuliza, alianza mwenyewe, akiangalia ziwa.

Walipoita abiria mara ya kwanza, hakuinuka. Mara ya pili hakuinuka. Mara ya tatu walitaja jina lake, vibaya, mpaka akakaribia kutolijua. Akaenda. "Nilipanda nikiomba," akasema. "Usiniulize niliomba nini. Hata mimi maneno hayakuwa yanaungana." Alishuka kwenye baridi iliyomkata pumzi. Awino alikuwa mlangoni, ameshika blanketi. Alimtazama baba yake kana kwamba ameshuka mtu mwingine.

"Akaniambia, 'Baba, leo ni Ijumaa.' Nikamwambia, najua. Akanifunika. Hatukuongea mpaka nyumbani kwake."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake." Alikunja mkono wa pili wa shati. "Boke, asubuhi haikuja. Niliamka giza, nikaomba, nikasoma, giza. Saa sita kukawa na rangi kidogo kama ya samawati, ikapotea. Nilikuwa nauliza saa kila mara kama mgonjwa. Halafu Awino akavaa nguo za kazi. Alingoja niseme kitu. Niliona anangoja. Nami nikavaa koti nikamfuata, kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu kwa hiyo giza. Usifikirie ilikuwa jambo lingine. Niliogopa."

Katika ile nyumba ya wazee, wafanyakazi wawili walikuwa wameshindwa kufika kwa sababu ya theluji. Kulikuwa na mzee mmoja mrefu, mifupa mitupu, aliyekuwa akipiga kila aliyetaka kumwosha. Awino alikuwa peke yake naye. Baba yake alisimama mlangoni, kisha akaingia, akashika beseni. Yule mzee alimwona, akaacha kupiga. Alimwita kwa jina la mtu mwingine, labda ndugu, labda rafiki, akamkamata mkono na hakuuachia tena. Basi alishika beseni kwa mkono mmoja na mzee kwa mkono wa pili, huku binti yake akimwosha yule mtu mgongo, mapaja, nyayo, polepole, akimsemesha kwa lugha yao.

"Anaosha vizuri," akaniambia, na sauti iliyosoma jina bila kutetemeka ikatetemeka. "Sikuwa nimewahi kumwona akifanya kazi. Hata mara moja. Nikamwambia, Awino, nilikosea."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Nipitishie taulo.'"

Mbuzi mmoja alikuja akanusa mkoba wangu. Tukamwacha anuse.

"Tulirudi kwake, akalala saa kumi nzima," akaendelea. "Alipoamka akanipikia samaki. Akanikamulia ndimu. Hapo ndipo akalia, akikamua ndimu."

Aliporudi Kehancha aliliomba baraza lirudishe jina la binti yake kitabuni. Wakamuuliza swali lilelile alilowafundisha yeye mwenyewe kuuliza, kama ameacha kufanya kazi siku ya Sabato. Akasema hapana, hajaacha. Wakasema basi. Hakugombana nao. Alisema kwamba kwa haki hakuweza kugombana, kwa kuwa walikuwa wakisema maneno yake. Aliomba tu mtu mwingine apewe kazi ya kusoma majina. Bado anaishika Sabato, sasa katika kanisa dogo la Rusinga, benchi la nyuma, na Ijumaa jioni bado haanzi kazi ambayo hawezi kuimaliza.

Nikamuuliza lile lililonikaa muda wote huo. "Kwa hivyo huko, Mzee, Sabato iliingia saa ngapi?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni akijua huenda hakimo.

"Sijui, nyathina. Mpaka leo sijui. Naamka saa zingine najiuliza kama niliivunja ama kama ile ndiyo mara ya kwanza niliishika. Sijui."

Nilisimama kuaga, maana nilikuwa na njia ndefu ya kurudi. Alinisindikiza hadi barabarani, akichechemea kidogo. Tulipofika akanishika kiwiko.

"Nikatie tiketi nyingine ya Desemba."

"Uondoke siku gani, Mzee?"

"Hiyo muulize Awino," akasema. "Angalia ratiba yake ya kazi. Siku atakayoweza kuja kunipokea, hiyohiyo."